Kuku Wanabaki, Shemeji Hataki Ugali

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Tangu mwaka jana nimekuwa mshirika wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, katika mkahawa mdogo ulioko mtaani kwetu, upande wa Mamboleo. Shemeji alifanya kazi kwa muda mrefu katika jikoni la Walebanoni huko Doha, nchini Qatar, na aliporudi nyumbani alikuwa na ujuzi pamoja na akiba ya kununua mashine ya gesi yenye vyuma vinavyozunguka, ambayo inaweza kuchoma kuku ishirini kwa wakati mmoja. Mimi nilitoa fedha za kodi, meza, jokofu na leseni ya kaunti. Fedha hizo nilizikopa katika chama chetu cha akina mama, na bado ninazilipa. Kila siku mimi ndiye ninayekaa kwenye kaunta.

Chakula chetu ni kile cha nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania: kuku aliyechomwa akizunguka, mishikaki ya kuku aliyelala kwenye maziwa lala na kitunguu saumu, kababu za nyama ya kusaga, mkate wa bapa ambao shemeji anauoka mwenyewe, saladi, na ule mchuzi mweupe mzito wa kitunguu saumu. Miezi ya kwanza watu walipanga foleni mpaka nje, na hata waliokuwa wakishuka kwenye matatu walifuata harufu. Siku hizi mambo yamebadilika. Tunachoma kuku 20 na tunauza 14 hivi. Kila kuku anatugharimu takriban shilingi 650 tukijumlisha bei ya mfugaji, viungo na gesi, nasi tunamuuza kwa shilingi 1,000. Wale wanaobaki shemeji huwaweka kwenye jokofu, na asubuhi huwarudisha kwenye mashine pamoja na wabichi. Wiki iliyopita mwalimu mmoja ambaye ni mteja wetu wa karibu alirudisha nusu kuku mbele ya watu, akasema kwamba huyo ni wa jana. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alisema kweli.

Kababu nazo zinaniumiza roho. Shemeji anatumia nyama ya mbuzi isiyo na mafuta, nyingine zinadondoka kwenye makaa, na zinazofika mezani ni ngumu kuliko mishikaki ya barabarani ambayo bei yake ni nafuu. Wateja wanaomba ugali, wengine wanaomba chipsi, na wazee wanauliza kwa nini hatuna kuku wa kienyeji. Nikimweleza shemeji, ananijibu kwamba hakuja kufungua kibanda, na kwamba mwenye kutaka ugali anajua ulipo. Mume wangu anasema nisimweke katikati ya mkewe na nduguye. Mama mkwe amekwisha kusikia, naye amenituma niache kumwaibisha mwanawe.

Je, nimlazimishe shemeji kubadilisha chakula, au nidai fedha zangu nitoke mapema kabla hazijaisha zote?

Mke wa Kaka,
Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Kabla ya kuzungumzia ugali, na kabla ya kuzungumzia fedha zako, liko jambo lisilo na mjadala: kuku wa jana wasirudishwe kwenye mashine kuanzia leo. Ninaelewa kwa nini shemeji anafanya hivyo, kwa maana hakuna mpishi anayependa kutupa kazi ya mikono yake. Hata hivyo, kuku mzima aliyeiva jana na kulala kwenye jokofu hupata moto upesi kwenye ngozi huku nyama iliyo karibu na mfupa ikibaki vuguvugu, na akizungushwa pamoja na wabichi hudondokewa na maji yao. Shirika la Afya Duniani, katika bango lake la kanuni tano za chakula salama lililotolewa mwaka 2001, linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, kwamba kinachosubiri kuliwa kiwe na moto unaozidi nyuzi 60, na kwamba kinachopikwa kifike nyuzi 70 mpaka ndani. Kwa joto la Kisumu, kuku aliyekaa juu ya kaunta tangu jioni hadi mnapofunga amekwisha kuupita muda huo kabla hata ya kuingia kwenye jokofu. Mtu mmoja akiumwa tumbo na kulalamika kwa afisa wa afya wa kaunti, mlango unaweza kufungwa, na sidhani kama watakaoisimulia habari hiyo sokoni Kibuye watatofautisha kati ya jina lako na la shemeji.

Sasa tupige hesabu kwa takwimu ulizonipa. Kuku 20 wanawagharimu shilingi 13,000. Mkiuza 14 mnapata shilingi 14,000, kwa hiyo mnabakiwa na shilingi 1,000 tu za kulipia kodi, umeme, mishahara na mkopo wa chama. Lau mngechoma hao 14 peke yao mkawauza wote, mngetumia shilingi 9,100 na kubakiwa na shilingi 4,900. Gesi haipungui sawasawa na idadi ya kuku, ninajua, lakini hesabu haiwezi kusogea mbali na hapo. Shilingi 3,900 zinapotea kila siku kwa sababu ya kuku sita ambao hakuna aliyewaagiza, na zitaendelea kupotea hata mkipika ugali wa kuwashibisha watu wote wa Mamboleo. Wewe na shemeji mnagombana juu ya kile kinachowekwa kwenye sahani, ilhali hasara inatokana na saa ambazo mashine inajazwa. Nafurahi kwamba ni hivyo, kwa sababu saa zinaweza kubadilishwa bila mtu yeyote kuvunjiwa heshima.

Mashine yenye nafasi ya kuku ishirini haidai kujazwa. Kuku wa broila mwenye uzito wa kilo moja na robo hivi, akiwa amesafishwa na kufungwa miguu vizuri, huiva kwa muda wa saa moja na robo hadi saa moja na nusu, na wanapokuwa na nafasi kati yao moto huwafikia pande zote kwa usawa zaidi. Pangeni mizunguko. Kuku watano waingie saa nne na nusu asubuhi ili watoke saa sita kwa ajili ya chakula cha mchana. Sita waingie saa tisa na nusu kwa ajili ya watu wanaotoka kazini. Na mzunguko wa mwisho, wa saa kumi na mbili jioni, uwe na idadi mtakayoiamua kwa kuangalia walioagiza na wale waliobaki kwenye vyuma. Andikeni kwenye ubao wa mlangoni saa ambazo kuku hutoka. Mteja anayejua kwamba kuku anatolewa saa kumi na moja atapanga safari yake, na atamkuta akiwa bado anatoa mvuke, jambo ambalo ndilo lililowapangisha watu foleni hapo mwanzo. Anayetaka kuku mzima wa kubebea nyumbani usiku aagize kwa simu na kulipa sehemu ya bei kwa M-Pesa kabla ya kuku huyo kutiwa kwenye chuma.

Weka pia daftari kwenye kaunta uandike kila kuku alinunuliwa saa ngapi. Wewe unaijua Kisumu kuliko mimi ninayeandika kutoka mezani, lakini nina hakika daftari litakuonyesha mambo ambayo shemeji hakuyazoea Doha: kwamba Ijumaa jioni watu wengi wanasafiri kwenda matangani vijijini, na Jumamosi mchana mtaa umepungukiwa, kwamba wiki ya kwanza baada ya mshahara haifanani hata kidogo na wiki ya tatu, na kwamba Januari, fedha za kuku zote zimekwenda kwenye karo. Kuchoma kuku 20 kila siku ya mwaka ni kuuchukulia mtaa wenu kana kwamba kila siku ni mwisho wa mwezi.

Hata mkipanga namna gani, kuku mmoja au wawili watabaki, nao wanahitaji njia yao. Wakiwa bado na moto, kabla ya kufunga, shemeji awachambue nyama kutoka kwenye mifupa, aitandaze kwenye sinia pana ili ipoe upesi, kisha iingie kwenye jokofu. Siku inayofuata nyama hiyo ikaangwe na vitunguu mpaka iwe ya moto kabisa, izungushiwe kwenye chapati au kwenye mkate wake wa bapa pamoja na saladi na mchuzi mweupe, na iuzwe mchana kwa bei ambayo mwendesha bodaboda na mwanafunzi wanaimudu. Mifupa itoe supu. Chochote kisichouzwa siku hiyo ya pili hakina siku ya tatu.

Nimefika kwenye ugali, na hapa niko upande wako, ingawa kwa sababu ambazo huenda shemeji atazikubali kuliko zile ulizompa. Yeye anaona kwamba ugali utakishusha hadhi chakula alichojifunza kwa jasho. Mwambie basi kwamba kaskazini mwa Italia, nchi ambayo Mediterania inaipiga pande tatu, watu wamekuwa wakisonga unga wa mahindi kwa karne kadhaa na kuula kwa nyama na mchuzi. Wao huuita polenta, na hakuna Mwitalia anayedhani kwamba amejishusha. Kuku wa kuchoma katika nchi zile ana mwenzake wa wanga kila mahali, awe ni mkate, wali, viazi au ngano iliyovunjwavunjwa, na mwenzake huyo hutegemea kinachostawi katika shamba la karibu. Katika shamba la karibu na Kisumu kinachostawi ni mahindi. Ugali unahitaji sufuria, mwiko, unga na mtu mmoja mwenye mkono mzuri. Mwanzoni upikwe mdogo mdogo kadiri wateja wanavyoagiza.

Chipsi ni habari nyingine, na hapo ninamuunga mkono shemeji, japo nina hakika kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuona Walebanoni wakiweka chipsi kando ya kuku na hata ndani ya mkate uliokunjwa. Kikaango kinahitaji mtaji, mafuta yanapanda bei na lazima yabadilishwe, na mtu wa kumenya viazi anahitaji mshahara. Zaidi ya hayo, mitaa ya Kisumu imejaa wauzaji wa chipsi na kuku wa kukaanga ambao wamezoea kazi hiyo na ambao wanaweza kuwapiga kwa bei wakati wowote. Hakuna faida ya kuingia katika ushindani huo mkiwa na mkopo mgongoni. Kuhusu kienyeji, wazee wanaouliza wana haki ya kumpenda, hasa hapa magharibi ambako kuku wa mgeni ana heshima yake na firigisi ina mwenyewe, lakini jogoo aliyekimbia uani kwa miezi mingi ana misuli migumu na mafuta kidogo, na moto mkavu wa mashine humkausha kabla ya kumlainisha. Huyo ni wa kuchemshwa taratibu. Mtu akimtaka aagize siku moja kabla, apikwe kwenye sufuria, na msimwandike kwenye ubao.

Kababu ziliniudhi kidogo nilipozisoma katika barua yako, kwa sababu kosa lake linajulikana katika kila jikoni lenye makaa, kuanzia Beirut hadi Adana, mji wa kusini mwa Uturuki ulioipa jina lake kababu mashuhuri ya nyama ya kondoo. Nyama ya kusaga isiyo na mafuta haiwezi kuwa laini juu ya makaa. Waturuki wa huko huchanganya nyama na mafuta ya mkia wa kondoo, na sisi tunao kondoo wenye mikia minene, wakiwemo wale wekundu wa Kimaasai, kwa hiyo muulize muuza nyama wenu akuwekee mafuta hayo badala ya kuyatupa. Kwa kilo nne za nyama weka takriban kilo moja ya mafuta. Vitunguu maji vikishasagwa vikamuliwe kwa kitambaa safi, kwa sababu maji yake ndiyo yanayoachanisha nyama. Chumvi itiwe, nyama ikandwe kwa mkono mpaka ianze kunata, kisha ilale kwenye jokofu kwa saa kadhaa kabla ya kushikizwa kwenye vyuma. Vyuma viwe bapa na vipana, kwa maana kwenye chuma chembamba cha mviringo nyama huteleza na kubaki upande mmoja kila kinapogeuzwa, na hapo ndipo inapodondoka. Mkisharekebisha hayo, uzeni kababu moja moja badala ya sahani nzima, na jiko la makaa lisogezwe karibu na mlango ambapo wapita njia wataliona. Mshikaki wa barabarani unawashinda kwa bei, na pia unawashinda kwa sababu mteja anauona ukiiva.

Kwa ufupi kuhusu michuzi: ule mweupe wa kitunguu saumu, ambao Walebanoni huuita toum, ni kitunguu saumu kibichi, mafuta, ndimu na chumvi, nao ukae kwenye jokofu na kutolewa kidogo kidogo, bakuli lisishinde mezani mchana kutwa. Kama shemeji ananunua rojo la ufuta, yaani simsim iliyosagwa, la kopo kwa bei ya Nairobi, simsim ipo Kibuye, na wenyeji wanaoiita nyim wamekuwa wakiikaanga na kuisaga tangu zamani, kwa hiyo aikaange kidogo tu, aisage na mafuta, na kopo hilo aliache dukani.

Yabaki ya nyumbani. Umesema mume wako hataki kuwekwa katikati, nami ninamwelewa, lakini mkopo wa chama unalipwa kutoka kwenye nyumba yake pia, na kukaa kwake kando hakumwondoi ndani ya jambo hili. Usimwombe aamue kati yenu. Mwombe akae tu kama shahidi siku mtakapozungumza. Mama mkwe usimpelekee hesabu wala malalamiko. Alichosikia ni kwamba mwanawe anaaibishwa, na hakuna takwimu itakayomfuta machozi hayo. Akikuuliza, mjibu kwa heshima kwamba mnashauriana kuhusu kazi, kisha umwalike aje ale kuku akiwa ndiyo kwanza ametolewa kwenye moto.

Shemeji naye usimwendee na maneno ya wateja. Ulipomwambia kwamba watu wanataka ugali, alisikia kwamba ujuzi wake haufai. Nenda na daftari la wiki mbili, umwonyeshe zile shilingi 3,900, na uanze kwa kumweleza kwamba kuku wake anapotoka kwenye mashine mtaani hana mfano, jambo ambalo ni kweli na ambalo nadhani hajalisikia kutoka kwako kwa siku nyingi. Mwachie yeye apange mizunguko, kwa maana jikoni ni lake. Wewe simamia daftari, oda za simu na fedha. Mambo hayo yaandikwe katika mkataba wa ubia, pamoja na kiasi ambacho kila mmoja alitoa, namna faida itakavyogawanywa, na utaratibu wa mmoja wenu kutoka akitaka. Wakili wa mjini anaweza kuwaandikia. Ndugu wengi huona haya kuandikiana, na haya hiyo huwagharimu zaidi kuliko ada ya wakili.

Kuhusu kutoka sasa hivi, sikushauri. Mashine ni ya shemeji, meza na jokofu vilivyotumika haviwezi kukurudishia kiasi ulichokopa, na biashara inayouza kuku 14 kwa siku ina uhai. Jipe muda wa miezi mitatu kuanzia siku mtakayoanza mizunguko, na mkopo wa chama ulipwe kabla ya faida kugawanywa. Lakini zungumzo lenu lisifanywe usiku wakati wa kufunga, mkiwa mmechoka na kuku waliobaki wakiwa mbele yenu. Fanyeni Jumatatu asubuhi kabla ya gesi kuwashwa. Akikataa ugali, mwache, mtaurudia baada ya mwezi. Akikataa kuacha kuwarudisha kuku wa jana kwenye mashine, mpe barua ya kudai fedha zako siku hiyo hiyo, mume wako akiwa shahidi, na uondoke kwenye kaunta.